Sonona Kali: Moto Ulio Mwilini na Dawa Zinazowahi



Somo la toleo hili linahusu ugonjwa ambao wengi wetu tunauona hosteli lakini ni wachache wanaoutaja kwa jina lake. Mwanafunzi aliyekuwa hakosi kipindi anaanza kukosa. Usiku halali, mchana haamki. Chakula hakimpiti. Ukimuuliza, anasema hana kitu. Waliomzunguka kila mmoja ana jibu lake: huyu anasema imani imepungua, yule anasema karogwa, wa tatu anasema ni uvivu tu, anaogopa mtihani. Ni mara chache mtu kusema: huenda ndugu yetu ni mgonjwa, tumpeleke hospitali.

Tutajifunza mambo mawili, kisha tutatazama mahali yanapokutana. La kwanza ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona kali, kinga ya mwili imewaka na haijazimika, na athari yake inafika mpaka ubongoni. La pili ni kwamba ziko tiba zinazopunguza sonona kali kwa saa au siku, wakati dawa tulizozizoea huchukua wiki. Wanaosoma udaktari na famasia watakuta humu baadhi ya wanayoyajua. Anayesoma sheria, ualimu au biashara asiogope, tutakwenda hatua kwa hatua.

Sonona kali ni nini?

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, si huzuni ya siku mbili baada ya kufeli somo. Madaktari huitambua pale hali ya moyo kuwa mzito, au kukosa hamu ya kila kitu, inapodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, ikiambatana na dalili nyingine: usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na kazi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mtu kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, na mawazo ya kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi na ugonjwa huu.

Sonona huwa kali dalili zinapokuwa nyingi na nzito kiasi cha mtu kushindwa kuoga, kula, kusoma au kuzungumza, na hasa mawazo ya kujiua yanapoingia. Hapo ndipo muda unapokuwa na thamani. Dawa za kawaida zinazopatikana katika hospitali zetu, kama fluoksetini na amitriptilini, zimewasaidia watu wengi sana, na makala hii haizidharau. Lakini huchukua wiki mbili hadi sita kabla nguvu yake haijaonekana. Tena, takriban mtu mmoja kati ya watatu hapati nafuu ya kutosha hata baada ya kujaribu dawa mbili kwa dozi na muda unaotakiwa. Kwa mtu ambaye usiku wa leo anaona kesho haina maana, wiki sita ni safari ndefu.

Kwa muda mrefu maelezo yaliyofundishwa yalikuwa kwamba sonona hutokana na upungufu wa kemikali za ubongoni, hasa serotonini. Maelezo hayo yaliacha maswali. Dawa hizo huongeza serotonini ndani ya saa chache tu, sasa kwa nini nafuu isubiri wiki? Na kwa nini wengine hawapati nafuu kabisa? Maswali hayo ndiyo yaliyowapeleka watafiti kutazama kwingine, na mojawapo ya walikotazama ni kinga ya mwili.

Inflamesheni: mwili unapopigana

Ukichomwa na mwiba mguuni, baada ya muda mahali pale huwa pekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Hali hiyo kwa lugha ya hospitali huitwa inflamesheni. Ni kazi ya kinga ya mwili. Chembe nyeupe za damu hukimbilia pale, na ili ziitane hutoa protini ndogo zinazofanya kazi ya ujumbe. Protini hizo huitwa saitokini. Zinazotajwa sana katika habari yetu ni tatu: IL-6, IL-1 beta na TNF. Saitokini zikifika kwenye ini, ini nalo hutoa protini iitwayo CRP, ambayo hupimwa kwa damu kidogo tu katika maabara ya kawaida. CRP ikiwa juu, daktari anajua kuna mahali mwili unapigana, ingawa kipimo hicho peke yake hakimwambii ni wapi wala ni na adui gani.

Inflamesheni ni neema. Bila ya hiyo mwiba ule ungeweza kutuua. Tatizo hutokea vita vinapokwisha na askari wasirudi kambini, au vinapowashwa na jambo lisilokwisha: maradhi sugu, unene uliozidi, kukosa usingizi kwa muda mrefu, uvutaji wa sigara, au mateso na hofu za utotoni. Hapo moto huwa mdogo lakini hauzimiki, na mtu hauhisi kama anavyohisi mwiba.

Moto huu unafika ubongoni?

Kumbuka mara ya mwisho ulipougua malaria au mafua makali. Homa kando, ulikuwaje? Hukutaka chakula, hukutaka mtu, hukutaka kusoma, ulilala mchana na usiku hukupata usingizi mzuri, na hata ulichokipenda hukukitaka. Hali hiyo haikuletwa na vijidudu vyenyewe moja kwa moja. Ni saitokini zinazouambia ubongo: tulia, hifadhi nguvu, tunapigana. Watafiti, akiwemo Robert Dantzer aliyefanya kazi hii kwa miongo, waliichunguza kwa wanyama na wakaona jinsi inavyofanana na dalili za sonona. Tofauti ni kwamba baada ya malaria hali hiyo huondoka.

Ushahidi mzito kwa wanadamu ulitoka mahali ambapo hapakutarajiwa: katika wodi za saratani na za ini. Interferoni-alfa ni saitokini ambayo kwa miaka mingi ilitumika kama dawa ya homa ya ini aina C na ya saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Madaktari waliona kwamba wagonjwa wengi waliochomwa dawa hii, ambao hawakuwa na sonona kabla, waliipata wakiwa kwenye matibabu. Mwaka 2001 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa 40 wa melanoma waliokuwa wakianza dozi kubwa ya interferoni. Nusu walitangulizwa dawa ya sonona, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika waliopewa kidonge kitupu, asilimia 45 walipata sonona kali. Katika waliokingwa kwa dawa, asilimia 11. Basi ukimwongezea mtu saitokini, unaweza kumletea sonona. Ushahidi wa namna hii ni mgumu kuupuuza, kwa sababu chanzo kinajulikana na siku yake inajulikana.

Majaribio mengine yalifanywa kwa watu wenye afya waliojitolea. Walichomwa kiasi kidogo sana cha sumu ya bakteria ambacho huamsha kinga bila kuleta maradhi. Ndani ya saa chache saitokini zilipanda, na hali ya moyo wao ikashuka.

Vipi kwa wagonjwa wa sonona wa kawaida? Tafiti nyingi zikikusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takriban robo yao wana CRP iliyozidi miligramu 3 kwa lita, yaani moto mdogo unaowaka. Hapa tuwe waangalifu. Robo ni wengi, lakini pia maana yake ni kwamba robo tatu hawako hivyo. Anayesema sonona yote ni inflamesheni amezidisha, na anayesema mwili hauhusiki kabisa amepunguza.

Dawa zinazowahi

Tuache kinga kidogo, tuje kwenye tiba. Ketamini si dawa mpya wala si ngeni kwetu. Iliundwa mwaka 1962 na mwanakemia Calvin Stevens katika kampuni ya Parke-Davis ya Marekani, ikaruhusiwa kwa matumizi ya binadamu nchini humo mwaka 1970. Ni dawa ya nusukaputi. Kwa kuwa haizimi pumzi kirahisi kama dawa nyingine za usingizi, imekuwa tegemeo katika hospitali za wilaya zisizo na mashine nyingi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Huenda mama yako au jirani yako alifanyiwa upasuaji kwa ketamini.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya jaribio dogo sana, la wagonjwa saba tu wa sonona, waliopewa kwa dripu dozi iliyo ndogo kuliko ya upasuaji. Nafuu ilionekana ndani ya siku tatu. Wengi hawakuamini. Mwaka 2006, timu ya Carlos Zarate katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ilirudia kwa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia. Nafuu ilianza kuonekana kabla ya saa mbili. Baada ya siku moja, asilimia 71 ya waliopewa ketamini walikuwa na nafuu kubwa. Baada ya wiki, asilimia 35 tu ndio waliokuwa bado nayo. Namba hizi mbili zisomwe pamoja siku zote: dawa inawahi kufika, lakini pia inawahi kuondoka. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata mawazo ya kujiua hupungua ndani ya siku moja kwa wengi wanaopewa.

Mwezi Machi 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu esketamini, ambayo ni sehemu ya ketamini, kama dawa ya kupuliza puani kwa sonona iliyoshindikana. Sharti lake ni kwamba mgonjwa aitumie mbele ya wahudumu wa afya, kisha aangaliwe kwa saa mbili. Sababu ni kwamba presha hupanda, kichefuchefu huja, na mtu anaweza kujiona kama ametoka nje ya mwili wake kwa muda.

Tiba nyingine inayowahi ni ya zamani zaidi: tiba ya umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Sinema zimeiharibia jina. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, misuli hulegezwa kwa dawa, na umeme mdogo huleta kifafa cha muda mfupi ubongoni ambacho mgonjwa hakihisi. Hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kawaida mara sita hadi kumi na mbili. Lawama yake kubwa ni kusahausahau. Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliolinganisha tiba hizi mbili kwa wagonjwa wa sonona iliyoshindikana na wasio na dalili za wazimu. Waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa asilimia 55.4, na kwa tiba ya umeme asilimia 41.2.

Mahali njia mbili zinapokutana

Sasa tuuliza swali la somo. Kinga iliyowaka ina uhusiano gani na dawa inayofanya kazi kwa saa chache? Jibu linalofuatiliwa zaidi linapitia kwenye chakula tunachokula.

Katika maharage, samaki, mayai na maziwa kuna kiini cha protini kiitwacho triptofani. Mwili hukitumia kutengeneza serotonini, lakini sehemu kubwa hupitia njia nyingine na kuwa kitu kiitwacho kainurenini. Saitokini zinapopanda huamsha kimeng'enya kinachosukuma triptofani zaidi kwenye njia hii ya pili. Kisha ndani ya ubongo kuna seli za ulinzi ziitwazo maikroglia, ambazo kinga ikiwaka huigeuza kainurenini kuwa asidi ya kwinolini.

Hapa ndipo penye fundo. Asidi ya kwinolini hukaa kwenye kipokezi cha seli za ubongo kiitwacho NMDA na kukichokoza. Kipokezi hicho kwa kawaida huchokozwa na glutamati, kemikali kuu ya kuamsha seli za ubongo. Kikichokozwa kupita kiasi, seli huchoka, na matawi yake yanayoziunganisha na wenzake hupungua. Na ketamini inafanya nini? Ketamini huziba kipokezi hichohicho cha NMDA. Chukua mfano wa mlango: asidi ya kwinolini inaugonga mfululizo, ketamini inakuja na komeo.

Ushahidi wa daraja hili uko wa namna tatu. Kwanza, mwaka 2013 kundi la Dantzer lilionyesha kwamba panya waliochomwa sumu ya bakteria huonyesha tabia inayofanana na sonona, lakini wakipewa ketamini tabia hiyo haitokei, ingawa kinga yao imewaka vilevile. Yaani ketamini haikuzima moto. Iliziba njia ambayo moto uliupitia kuingia. Pili, mwaka huohuo watafiti wa Sweden walipima maji ya uti wa mgongo ya watu waliojaribu kujiua, wakakuta asidi ya kwinolini iko juu zaidi kuliko kwa watu wenye afya. Tatu, kundi la Yale la Ronald Duman lilionyesha mwaka 2010 kwamba kwa panya ketamini huamsha upya ujenzi wa miunganiko ya seli za sehemu ya mbele ya ubongo ndani ya siku moja. Hili ndilo linaloeleza kasi yake: badala ya kusubiri serotonini ifanye kazi taratibu, inarudisha mawasiliano moja kwa moja.

Kuna na upande mwingine: kwamba ketamini yenyewe hutuliza kinga. Madaktari wa nusukaputi wameona kwamba baada ya upasuaji IL-6 hupanda kwa kiasi kidogo kwa waliopewa ketamini kuliko kwa wasiopewa. Tiba ya umeme nayo ina kisa chake. Kikao kimoja hupandisha IL-6 kwa saa chache, lakini tafiti kadhaa zimeona kwamba ikifika mwisho wa mfululizo wa vikao saitokini huwa zimeshuka, na baadhi zimeona kwamba waliokuwa na moto mwingi mwanzoni ndio walionufaika zaidi.

Tusiuvuke mpaka wa ushahidi

Mwanafunzi mzuri hasimami kwenye habari njema tu. Taiwan, mwaka 2018, watafiti walipima damu za wagonjwa 71 na wakaona TNF ikishuka baada ya ketamini, na kushuka huko kukaenda pamoja na nafuu. Lakini Marekani, mwaka 2017, wagonjwa 80 walipimwa na ikaonekana kwamba ingawa baadhi ya saitokini zilibadilika, mabadiliko hayo hayakwenda sambamba na nafuu waliyopata. Kwa hiyo haijathibitika kwamba ketamini huponya sonona kwa kuzima inflamesheni. Kilicho na nguvu zaidi ni kwamba njia mbili hizi zinakutana kwenye mlango mmoja, wa glutamati.

Je, tukizima moto moja kwa moja sonona itaondoka? Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Emory kilichapisha jaribio la watu 60 wenye sonona iliyoshindikana. Wengine walipewa infliksimabu, dawa kali inayozuia TNF na hutumika kwa maradhi ya viungo na ya utumbo. Wengine walipewa maji ya chumvi. Kwa ujumla wao hapakuwa na tofauti. Lakini waliokuwa na CRP iliyozidi 5 walinufaika na dawa, na waliokuwa na CRP ndogo walifanya vizuri zaidi kwa maji ya chumvi. Funzo lake ni kubwa: dawa ya moto humfaa aliye na moto, na kwa asiye nao inaweza kuwa hasara. Sonona ni jina moja juu ya milango mingi, na daktari wa kesho huenda akapima damu kabla ya kuchagua dawa.

Kwa mazingira yetu kuna tahadhari ya ziada. CRP hupandishwa na malaria, taifodi, maambukizi ya njia ya mkojo na mengineyo tuliyoyazoea. Mtu asikimbilie maabara akapima CRP kisha akajitangazia kwamba ana sonona au hana. Wala asianze kumeza diklofenaki kila siku kwa kuwa kasoma kwamba sonona ni inflamesheni. Dawa hizo huumiza tumbo na figo, na hakuna daktari anayezitoa kama tiba ya sonona peke yake.

Jambo hili si geni kwa wanazuoni

Karne kumi na moja zilizopita, Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Afghanistan na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi, Masalih al-Abdan wal-Anfus. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile ambayo mwenyewe hajui imemjia kutoka wapi. Hii ya pili aliihusisha na hali ya mwili na damu, na akaona tiba yake ianzie mwilini. Hakuwa na darubini wala habari za saitokini, na tusimbebeshe asichokisema. Lakini alijua kutofautisha, na kutofautisha ndiko tunakokukosa hosteli.

Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna Muislamu anayethubutu kusema kwamba imani yake ilipungua. Kumwambia mgonjwa wa sonona aongeze ibada na aache hospitali ni kumwongezea mzigo wa kujilaumu juu ya mzigo wa ugonjwa, na kujilaumu tayari ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Dua na dawa hazigombani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine watauliza kuhusu ketamini: dawa inayobadilisha fahamu, yafaa? Tofauti ni ileile ya nusukaputi. Inayotolewa na daktari kwa haja ya tiba, kwa kipimo na uangalizi, ni tiba. Inayonunuliwa mtaani na kunuswa kwenye starehe ni ulevi, na madhara yake yanajulikana: uraibu, na kibofu cha mkojo kuharibika. Asiwepo wa kuifanya makala hii kuwa ruhusa ya kujitibu chumbani.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, tuijue dalili. Rafiki akibadilika kwa wiki mbili au zaidi, tumkalie karibu na tumuulize kwa upole, faragha, bila kumhutubia.

Pili, tusiogope kuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia uzito. Akisema ndiyo, hiyo ni dharura kama ajali ya barabarani. Asiachwe peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe, na apelekwe hospitali usiku huohuo.

Tatu, tujue njia kabla haijahitajika. Zahanati ya chuo, mshauri wa wanafunzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali za afya ya akili kama Butabika huko Kampala, Ndera huko Kigali au Kamenge huko Bujumbura. Kila tawi la jumuiya liwe na mtu mmoja wa kaka na mmoja wa dada wanaojua namba na njia hizo.

Nne, aliyeanzishiwa dawa za kawaida tumsaidie avumilie wiki za mwanzo, asiache katikati bila daktari. Ikiwa dawa mbili zimeshindwa, asikate tamaa. Amuulize daktari kuhusu hatua zinazofuata, maana sasa tunajua ziko.

Tano, tutunze yanayopunguza moto mdogo mwilini: usingizi wa kutosha, kutembea, chakula kisichojaa mafuta na sukari, na kuacha sigara na shisha. Haya si badala ya tiba ya sonona kali, lakini yanaisaidia.

Mwanafunzi anayelala mchana kutwa huenda si mvivu. Huenda mwili wake unapigana vita asivyoviona, na ubongo wake umeamrishwa kulala. Ukilijua hilo, neno lako la kwanza kwake litabadilika.

Maswali ya darsa

1. Wagonjwa waliopewa interferoni walitufundisha nini ambacho kupima CRP za wagonjwa wa sonona peke yake kusingetufundisha?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi triptofani inavyoishia kuwa asidi ya kwinolini, na ketamini inaingia wapi.
3. Kwa nini matokeo ya jaribio la infliksimabu hayaruhusu kila mgonjwa wa sonona apewe dawa ya kutuliza inflamesheni?
4. Katika tawi letu, mwanafunzi akipata dharura ya sonona saa nane usiku, nani atapigiwa simu na gari litatoka wapi?

Swali la nne lisiachwe mpaka lipate jibu. Wabillahi tawfiq.